Jibu la mtaalamu: Mchezo wa kutafuta hazina Goma, na jirani asiyejua kuwa ni mchezo

Swali

Jambo mzee. Mimi ni kijana wa Himbi, hapa Goma. Nilisoma Kampala, na huko marafiki walinifundisha mchezo wa jiokashi: unaficha kikopo chenye daftari ndogo, unaweka namba za mahali kwenye intaneti, halafu wengine wanakuja na simu zao kukitafuta. Nataka kuuanzisha kwa vijana wa parokia yetu wakati wa likizo. Nimenunua vikopo kumi vya plastiki. Viwili nimekwisha kuvificha, kimoja kwenye shimo la mawe huko Bulengo karibu na ziwa, kingine ndani ya ukuta wa mawe, mtaa wa Majengo. Vilivyobaki nafikiria kuvipeleka kwenye lava iliyoganda ya volkano ya Nyiragongo, upande wa Kibati. Rafiki yangu naye ana mashine ya kutafutia metali, anataka tuiunganishe na mchezo. Nivifiche wapi ili watu wasivichukue, na adabu za mchezo huu ni zipi? Sitaki kugombana na mtu.

Jibu

Mwanangu, kabla ya adabu: kile kikopo cha Bulengo kiache hapo kilipo. Usirudi kukichukua, na usimtume mtu. Kama umekwisha kuweka namba zake kwenye intaneti, zifute leo usiku.

Wewe ni mtoto wa Himbi, habari za mazuku, ile gesi ya kuua inayotoka ardhini, umezisikia tangu utotoni. Lakini mchezo huu unamsahaulisha mtu anachokijua. Kaboni dioksidi inayotoka ardhini upande wa magharibi wa mji, Himbi na Keshero, Bulengo, Lac Vert, hadi kuelekea Sake, ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu. Haipandi juu, inatuama kwenye mashimo na mabonde madogo ya lava. Haina rangi, haina moshi. Mtu akisimama ukingoni anapumua vizuri, akiinama kuingiza mkono kwenye ufa, kichwa chake kimekwisha kuingia ndani ya gesi. Ikizidi asilimia 10 ya hewa, anaweza kuzimia kabla ya kuelewa kinachompata, na yule anayeshuka kumtoa anaanguka juu yake. Usiku na asubuhi mapema, kabla upepo na jua havijaitawanya, ndiyo saa yake mbaya. Na asubuhi mapema ndiyo saa ambayo vijana wa likizo wanapenda kutoka, kabla jua halijawa kali.

Sasa angalia mahali ambapo mfichaji mzuri wa vikopo anapatafuta: pa chini, penye ufa, pasipo na njia ya watu, pasipoonekana. Ni palepale mazuku yanapokaa. Ndiyo maana nasema hakuna kikopo hata kimoja kiende kwenye shimo, handaki la lava au bonde upande ule, hata kama uliingia wewe mwenyewe mchana ukatoka salama. Gesi ya jana si ya leo. Ukiona kibao cha onyo kilichowekwa na Observatoire Volcanologique, kituo kinachochunguza volkano, au ndege, panya au mbuzi aliyekufa bila jeraha, rudi ulikotoka na uwaambie wenzako.

Cha Majengo ni rahisi zaidi, lakini hicho nacho usikifuate kimyakimya. Nenda mchana, mpigie hodi mwenye parseli, yaani mwenye kiwanja, mweleze, kitoe mbele ya macho yake, na jiwe ulilolihamisha ulirudishe lilivyokuwa. Kuta zetu nyingi za mawe ya volkano zimepangwa bila saruji. Jiwe moja limelala juu ya jingine kwa uzito wake tu. Ukichomoa moja ili upate nafasi ya kikopo, ukuta hauanguki siku hiyo, unaanguka mvua ya tatu, na mwenye nyumba hatajua alimkosea nani. Hiyo iwe kanuni yako ya kwanza ya adabu: hapa mjini jiwe lililo juu ya jiwe lina mwenyewe.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe. Naona umeuleta mchezo pamoja na kanuni za Marekani, nchi ambako mchezo wenyewe ulizaliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, serikali ya Marekani iliacha kuiharibu makusudi ishara ya setilaiti za kuonyesha mahali, ile waliyokuwa wanawapa raia. Kabla ya hapo kifaa cha mtu wa kawaida kingeweza kukosea hata meta 100. Siku iliyofuata, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, ndani yake daftari na vitu vidogovidogo, akatangaza namba za mahali. Kanuni yake ilikuwa fupi: chukua kitu, acha kitu, andika daftarini.

Ule ni msitu ambao mtu akikuta ndoo isiyojulikana, kwanza anashangaa, kisha anafungua. Mchezo ulipokua, chombo kilichopendwa sana Marekani kikawa lile sanduku la chuma la kijani la kuhifadhia risasi, kwa sababu halipitishi maji. Jaribu kulifikiria sanduku hilo likichungulia chini ya jiwe huko Kanyaruchinya, palipopiganwa vita! Na wala si sisi tu tunaoogopa. Mwaka 2011 huko Wetherby, Uingereza, mtu alionekana akiweka kitu karibu na mkahawa, polisi wakaitwa, barabara ikafungwa, na wanajeshi wa kutegua mabomu wakakilipua. Kilikuwa kikopo cha mchezo. Kama mji mtulivu wa Uingereza ulifunga barabara kwa ajili ya plastiki, mji wetu, baada ya vita vyote vilivyopita hadi Januari 2025 na baadaye, utafanya nini?

Huko, siri ndiyo utamu wa mchezo. Wachezaji wanajifunza hata kujifanya wanafunga kamba za viatu mpita njia akipita. Hapa siri hiyo ndiyo hatari yako kubwa. Kijana anayeinama kando ya ukuta, anaangalia kulia na kushoto, anaingiza kitu na kuondoka haraka: jirani anayemwona hana sababu hata moja ya kudhani ni mchezo. Kwa hiyo ushauri wangu wote ni huu: siri mfiche mchezaji, usimfiche jirani. Kila kikopo chako kiwe na mtu wa mtaa huo anayejua kipo, kina nini, na ni cha nani.

Mchezo wenyewe hauwi dhaifu kwa hilo. Chukua kikopo, mpelekee mama mwenye butiki, fundi cherehani, kinyozi, au karakana ya watengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Omba akuwekee mahali pake, kwenye rafu au chini ya meza. Namba za simu zitamleta mchezaji hadi mtaani. Simu ya kawaida, mbingu zikiwa wazi, inakosea meta tano hivi, na katikati ya kuta ndefu inakosea zaidi. Kuanzia hapo lazima afumbue fumbo: "Mtafute anayetengeneza magurudumu ya mbao, umuulize mti anaoutumia." Akijibiwa vizuri, kikopo kinatolewa, anaandika jina lake daftarini. Mchezaji amelazimika kusalimia, kuuliza na kusikiliza. Mimi napenda mchezo wa namna hii kuliko ule wa msituni, na sisemi hivyo kukufariji tu.

Lakini mwenye butiki si mtumishi wako. Mwombe kabla, si baada. Mwambie vijana watakuja wangapi na siku gani, na umpe ruhusa ya kusema "leo hapana". Vijana wasimzibie mlango saa za wateja. Wakiweza, wanunue hata biskuti. Akichoka, chukua kikopo chako na umshukuru bila kunung'unika.

Kabla ya yote hayo anza na kiongozi wa nyumba kumi, kisha shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa barabara yenu, na kama mchezo utapita kartie (mtaa) nzima, ofisi ya kartie. Katika nchi nyingine wachezaji wanatakiwa kupata ruhusa ya mwenye ardhi kabla ya kuficha chochote. Kwetu ruhusa ya mwenye parseli haitoshi peke yake, kwa sababu wanaopita ni watoto wa watu wengine. Mweleze shefu kwa kumwonyesha kikopo wazi, akishike, akifungue. Parokia ikikupa barua yenye mhuri, ibebe. Nenda na mtu mzima anayejulikana mtaani.

Kuhusu lava ya Kibati, jibu langu ni hapana, na sababu ni zaidi ya moja.

Kwanza, sehemu za juu za huko ni Hifadhi ya Virunga, ambayo ipo tangu 1925, na iko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1979. Huingii kwa sababu simu inakuonyesha njia. Unaingia kwa ruhusa na walinzi. Kuacha plastiki ndani yake ni kosa hata kama nia yako ni nzuri.

Pili, mabaki ya vita. Barabara ya Kibati na Kanyaruchinya imeona mapigano mwaka 2012 na 2013, kisha tena miaka hii ya karibuni. Upande wa Mugunga na Sake vivyo hivyo. Vitu visivyolipuka vinabaki kati ya mawe na chini ya majani, vingine vina ukubwa wa chupa ya soda, vingine vimepata kutu mpaka havitambuliki. Sasa fikiri umewafundisha watoto kwa wiki mbili kwamba chombo cha ajabu kilichofichwa chini ya jiwe ni zawadi. Hili ndilo linaloninyima usingizi katika mchezo wako, kuliko mazuku. Somo la usalama linawaambia "usichokijua usikiguse". Mchezo unawaambia "usichokijua kifungue". Masomo mawili hayo hayakai katika kichwa kimoja cha mtoto wa miaka kumi. Kwa hiyo hata mjini, kanuni iwe moja isiyobadilika: hakuna kikopo kitakachowekwa chini, kila kikopo kinatoka mkononi mwa mtu. Aliyekuta kitu ardhini, hata kama kina rangi ya vikopo vyenu, hakigusi, hakirushii jiwe, anarudi kwa nyayo zake alizojia, anawazuia wenzake, na mtu mzima anawaarifu viongozi wa mtaa ili wataalamu wa kutegua waitwe.

Mashine ya rafiki yako inaangukia hapohapo. Inalia kwa sarafu, inalia kwa msumari, inalia vilevile kwa kiwashio cha bomu, na mwenye kuisikiliza hawezi kujua tofauti mpaka amechimba. Airudishe ndani. Sina neno la pili juu ya hilo.

Tatu, kuchimba kwenyewe. Sheria za dunia za mchezo huu kwa kawaida zinakataza kuchimba shimo ili kuficha kikopo. Huko wanalinda mizizi na majani. Sisi tuna sababu nzito zaidi. Julai 1994 wakimbizi mamia ya maelfu walivuka mpaka kutoka Rwanda katika siku chache, na kipindupindu na kuhara damu vikaua watu wanaokadiriwa kufikia 50,000 hivi katika mwezi wa kwanza. Ardhi ilikuwa mwamba, majembe hayakuingia, wengi wakazikwa pamoja katika makaburi yasiyo na jina kandokando ya barabara za Kibumba, Katale na Mugunga. Si kila kaburi lina alama leo. Mahali unapopaona ni pori la mawe tu panaweza kuwa na watu.

Na lava nayo si uwanja mtupu. Ile ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika nyumba, maduka, sehemu ya uwanja wa ndege na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilifika Buhene. Familia nyingi zinajua kabisa jikoni mwao palikuwa wapi chini ya mawe yale, wengine wamejenga upya juu yake, wengine wanasubiri kupimiwa viwanja vyao. Mmoja wao akimkuta kijana asiyemjua anapimapima na simu juu ya parseli yake, atawaza kwanza kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya kiwanja, na huwezi kumlaumu.

Ukitaka vijana waione lava, na ningependa waione, kuna aina ya mchezo huu isiyo na kikopo kabisa. Ilianza 2004: unatoa namba za mahali penye somo la ardhi, mchezaji anafika, anatazama, anajibu maswali, basi. Hakuna kinachoachwa wala kinachochukuliwa. Sijui mji mwingine katika eneo letu unaofaa mchezo huo kuliko Goma. Chagua mahali ambapo watu wanapita hadharani, kando ya barabara iliyokatwa katikati ya lava ya 2002, kwa mfano. Waulize: ukuta huu wa lava unakufikia kifuani au unakupita kichwa? Vitundu viko vingi juu au chini, na kwa nini? Ule utando wa kijivu unaoota juu ya jiwe kabla ya mmea wowote, umeufunika upande gani zaidi? Mzee anayeishi jirani anakumbuka lava ilipita saa ngapi? Swali la mwisho ndilo litakalowapa hadithi, mradi waliulize kwa upole na wakubali mtu akikataa kuzungumzia siku hiyo.

Utaratibu wa kutembea nao una mambo yake, haya nitayapitia haraka. Msitembee na karatasi yenye orodha ya namba za latitudo na longitudo. Mchezaji ataelewa S 01° 40' E 029° 13', lakini askari kwenye kizuizi ataona ramani ya shabaha, na maelezo yako ya Kampala hayatamsaidia. Mpeni kijana mmoja mmoja fumbo kwa maneno, namba zibaki kwenye simu ya kiongozi. Msipige picha kuelekea mpakani, uwanja wa ndege, bandari, vizuizi au watu wenye silaha, na msiweke mahali pa mchezo karibu na vitu hivyo, wala karibu na shule, hospitali au makaburi. Kambi zilizohamwa pia muziache. Mbao na turubai mnazoziona zimetupwa zilikuwa nyumba, na mwenyewe huenda akarudi kuziulizia. Vikundi viwe vya watu wanne au watano na mtu mzima, wasichana wasitumwe peke yao mahali patupu hata kama ni wawili na hata kama ni mchana. Mrudi kabla jua halijaanza kushuka. Mkipita kando ya shamba, hata la mistari mitatu ya maharagwe kati ya mawe, mzunguke. Mistari mitatu hiyo ni chakula cha mtu.

Uliuliza namna ya kuficha ili watu wasichukue. Kikopo kizuri cha plastiki chenye mfuniko unaobana kina kazi jikoni: chumvi, unga, sabuni ya unga. Ukikiweka chini ya jiwe na mama akakiokota, usiseme ameiba. Wewe ndiye uliyekiacha chini. Kikiwa kwenye rafu ya mtu, kina mlinzi. Ndani usiweke hela, wala kadi ya vocha, kwa sababu habari zitaenea na watoto wataanza kupekua kila butiki, kisha kila ufa. Usiweke chakula, dawa, kiberiti wala kisu. Daftari, penseli, labda vifungo au shanga za kubadilishana. Wachezaji wana desturi nzuri hapa: ukichukua kitu, unachoacha kiwe na thamani sawa au zaidi.

Tena, vikopo kumi ni vingi kwa kuanzia. Anza na vitatu katika kartie moja mnayoijua, vya wiki mbili tu, halafu vyote mviondoe na kuvihesabu mbele ya wale waliovitunza. Siku hiyo ya kuviondoa mnaweza kuiunganisha na salongo, kazi ya pamoja ya usafi, ya Jumamosi. Wachezaji duniani kote wana kawaida ya kutembea na mfuko na kuokota takataka njiani tangu 2002, na mtaa utawakumbuka kwa mfereji mliouzibua kuliko kwa mchezo wenyewe. Takataka ziokotwe barabarani tu, si vichakani wala kwenye mawe, kwa sababu niliyoieleza.

Kuviandikisha kwenye orodha ya dunia ningekushauri usubiri. Mgeni asiyejua mji atakuja na simu yake bila kupitia kwa shefu wala mwenye butiki, na lawama zitabaki kwako.

Mwisho, vikopo. Kama vile ulivyonunua ni vyeusi au vya kijani kibichi, vitoe kwa matumizi ya nyumbani na utafute vinavyoonyesha kilichomo, kwa sababu mtu anayeona daftari na penseli kupitia plastiki hahitaji kuambiwa mengi. Juu yake andika kwa rangi isiyofutika, upande mmoja Kiswahili na upande mmoja Kifaransa: MCHEZO WA VIJANA, jina la parokia, tarehe ya kuanza na ya kuondolewa, na namba mbili za simu, yako na ya mtu mzima ambaye huwa anapokea simu usiku.